Mjomba, Nginx Ni Nani?

Asubuhi ya matokeo mpwa wangu alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, Tabata, simu mkononi, kidole gumba kikivuta kioo kila baada ya sekunde mbili kama anayepukuchua mahindi. Tovuti aliyoitaka ilikuwa haifunguki. Kilichofunguka ni ukurasa mweupe wenye namba 502, maneno mawili ya Kiingereza, mstari mwembamba, na chini ya mstari neno moja dogo: nginx. Baada ya nusu saa akaniletea simu.

"Mjomba, huyu nginx ni nani? Ndiye anayezuia matokeo yetu?"

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka, maana swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wakubwa wa ofisi kwa miaka yote niliyokesha na seva za watu. Neno hilo, ambalo hutamkwa "enjini eksi", ni jina la bawabu. Yuko mlangoni na yuko macho. Ameupokea ujumbe wa mpwa wangu, ameupeleka ndani, na huko ndani hakupata jibu la maana. Namba 502 ni bawabu anayerudi kizingitini kusema: nimebisha, lakini wenye nyumba hawaeleweki. Kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki na kauli, lawama zote zinamwangukia yeye. Siku tovuti inapofanya kazi vizuri hakuna anayeliona jina lake.

Karibu kila tovuti kubwa unayoifungua ina bawabu wa namna hii. Wahandisi humwita revasi proksi, na akiwa na seva kadhaa nyuma yake za kugawia wageni, humwita loadi balansa. Ofisini nimezoea kusikia "balansa" tu. Proksi ile wanayoijua wanafunzi wa vyuo kwa kukwepea vizuizi humsimamia mgeni. Hii humsimamia mwenyeji. Hupokea kila anayebisha, hufungua lile kufuli la usimbaji unaloliona juu ya kivinjari, huwafukuza wanaokuja kwa fujo, huchagua ni seva ipi ipewe ombi, kisha hurudi na jibu. Mgeni haoni ndani kuna vyumba vingapi, na hana haja ya kuona.

Ajabu ni kwamba mabawabu bora duniani wanapatikana bure. Nginx, HAProxy, Envoy, Traefik, Caddy: zote ni programu huria. Msimbo wake unasomeka na mtu yeyote, unachukulika, unabadilishika, na unaweza kuusimika leo usiku kwenye seva yako bila kulipa senti wala kumwomba mtu ruhusa. Ugomvi wangu unaanzia kwenye hilo neno "bure". Tumelizoea vibaya. Kilicho bure ni leseni. Saa za mtu aliyekaa na msimbo ule hazijawahi kuwa bure, ila tumekubaliana kimyakimya kutouliza nani anazilipia.

Tuanze na kazi yenyewe, maana mtu asiyejua bawabu anafanya nini hawezi kumtetea.

Mwaka 1999 mhandisi Mmarekani, Dan Kegel, aliandika andiko lililouliza kwa nini kompyuta moja ishindwe kuhudumia wateja 10,000 kwa mpigo. Mashine za wakati ule zilikuwa na nguvu ya kutosha. Tatizo lilikuwa desturi. Seva nyingi za tovuti, Apache ikiwa mbele, zilimpa kila mteja mhudumu wake, na mhudumu akishapewa meza hasogei mpaka mteja amalize kutafuna. Mteja mwenye intaneti ya kusuasua aliweza kumshikilia mhudumu mzima kwa dakika kadhaa kwa ajili ya ukurasa mmoja. Sisi wa Afrika Mashariki, kabla nyaya za baharini hazijaanza kutufikia mwaka 2009, tulikuwa wateja wa aina hiyo hasa. Tulikuwa tunakula polepole kwa sababu kijiko chenyewe kilikuwa kinapitia satelaiti.

Sasa nenda Kariakoo saa saba mchana umtazame mama lishe. Mkono wa kulia unageuza chapati. Anamwambia wa kwanza maharage yanakuja, anapokea noti ya elfu kumi ya wa pili, anamrudishia chenji wa tatu, anamuuliza wa nne kama anakula na pilipili, na macho hayajatoka kwenye kikaango. Hasimami kumsubiri mtu yeyote. Kila penye kitu kilicho tayari, mkono unakwenda hapo. Igor Sysoev, aliyekuwa akisimamia mitambo ya kampuni ya Rambler huko Moscow, alianza mwaka 2002 kuandika seva inayofanya kazi kwa mtindo huo, akaitoa hadharani mwaka 2004. Hiyo ndiyo nginx. Miaka miwili kabla hajaanza, Mfaransa Willy Tarreau alikuwa ameshaanza HAProxy, ambayo yeye bado anaitunza zaidi ya miaka 20 baadaye. Ni mtu huyohuyo aliyebeba kwa miaka dhamana ya kutunza toleo la 2.4 la kiini cha Linux. Wapo watu wa namna hiyo, wanaolea vitu ambavyo wengine wameshavichoka.

Katika HAProxy kuna kanuni ya kugawa wageni ambayo yeyote aliyewahi kupanda daladala ataitambua. Mpiga debe hagawi abiria sawa kwa magari yote yaliyopo kituoni. Anajaza la kwanza, anapiga bodi kwa kiganja, linaondoka, ndipo anageukia la pili. HAProxy inaweza kuambiwa ifanye vivyo hivyo: jaza seva ya kwanza mpaka kikomo chake, ndipo ufungue ya pili. Faida yake ni kwamba usiku, wageni wakipungua, seva za mwisho zinabaki tupu na unaweza kuzizima ukaokoa gharama. Kanuni nyingine ni za kawaida zaidi. Kuna ya zamu kwa zamu. Kuna ya kumpeleka mgeni penye foleni fupi. Kuna ya kumrudisha kila mgeni kwa seva yake ileile, kama mteja asiyekubali kunyolewa na kinyozi mwingine.

Ninayoipenda mimi ni ya kuchungulia mbili. Chagua seva mbili kwa bahati nasibu, tazama ipi ina nafuu, mpeleke mgeni huko. Inaonekana kama uvivu, lakini Michael Mitzenmacher aliichambua kwenye tasnifu yake ya mwaka 1996 kule Berkeley na kuonyesha kuwa kuchungulia mbili badala ya moja kunapunguza sana kuzidiwa kwa seva yoyote, ilhali kuongeza ya tatu kunasaidia kidogo tu. Nginx na HAProxy zote mbili zina kanuni hii. Tangu niisome, sokoni sitafuti tena fundi mwenye foleni fupi kuliko wote. Nachungulia wawili.

Foleni fupi ina balaa lake, na balaa hilo lilinikuta. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nasaidia taasisi moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa na seva nne nyuma ya bawabu mmoja, na bawabu alikuwa ameambiwa ampeleke kila mgeni penye foleni fupi. Usiku mmoja seva ya tatu ilipoteza mawasiliano na hifadhidata. Haikuzima. Iliendelea kusimama vizuri kabisa, ikipokea kila aliyetumwa kwake na kumjibu papo hapo kwa ukurasa wa kosa. Seva tatu nzima zilitumia kama nusu sekunde kumhudumia mgeni. Ile mbovu ilimaliza kazi kwa milisekunde nne, kwa sababu haikuwa na kazi.

Fikiri foleni zake zilikuwaje. Kwa muda ambao seva nzima inamaliza mgeni mmoja, mbovu inafukuza 125. Kwa hiyo kila bawabu alipotazama ndani, foleni fupi kuliko zote ilikuwa ya seva ya tatu, naye kwa utii wake wote akawa anawapeleka huko. Robo tu ya uwezo wetu ndiyo iliyokuwa imekufa, lakini karibu kila aliyebisha alikutana na maiti. Simu ziliita. Wakubwa wakauliza kama tumedukuliwa. Mimi mwenyewe nilipoteza dakika 40 nikitazama seva tatu nzima na kushangaa kwa nini hazina wageni, nikidhani labda watu wamelala.

Kila Mtanzania amewahi kumwona seva ya tatu. Yuko kwenye ofisi fulani, dirisha la mwisho kulia, na foleni yake ni fupi daima. Ukifika kwake anakwambia bila kuinua macho: "Mtandao unasumbua, njoo kesho." Mteja anayefuata tafadhali.

Kosa lilikuwa letu, tena la kitoto. Bawabu huzipima afya seva zake kila baada ya sekunde chache, na sisi tulikuwa tumemfundisha kuuliza swali moja: mlango uko wazi? Mlango wa seva ya tatu ulikuwa wazi muda wote. Tiba ilikuwa mistari mitatu kwenye faili la usanidi, ya kumwambia aombe ukurasa halisi ambao hauwezi kujibiwa bila kugusa hifadhidata, na asiporidhika mara tatu mfululizo aitoe seva hiyo kwenye orodha mpaka ipone. Aliyeijua mistari hiyo alikuwa kijana wa kitengo cha Tehama, mwaka wa pili kazini, aliyekuwa amesoma mwongozo wa HAProxy jioni baada ya kazi. Mwongozo huo ni faili moja la maandishi matupu, refu kuliko riwaya nyingi. Hakuna aliyemtuma kuusoma. Hakuna saa ya kazi aliyopewa kwa ajili hiyo. Kwenye tathmini yake ya mwaka, nina hakika, halikuwepo hata kisanduku cha kuandika jambo hilo.

Kijana huyohuyo alitufundisha jambo jingine lililoonekana kinyume cha akili. Tovuti ilipokuwa inazidiwa, sisi wakubwa tulikimbilia kuongeza seva. Tuliongeza, ikazidi kulala, kwa sababu seva zote zilikuwa zinategemea hifadhidata moja, na kila tuliyoongeza ilikuwa mdomo mwingine kwenye chungu kilekile. Yeye akachukua kipande cha karatasi. Wanaoingia kwa sekunde, akasema, zidisha kwa sekunde ambazo kila mmoja anakaa ndani, utapata idadi ya walioko ndani kwa wakati mmoja. Ni kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961, na inafanya kazi kwa benki, zahanati na seva bila ubaguzi. Wageni 200 kwa sekunde wakikaa nusu sekunde, ndani mna watu 100. Hifadhidata ikichoka na kila mmoja akakaa sekunde tano, ndani mna watu 1,000. Nyumba ni ileile. Watu 1,000 wanagombania hewa ya watu 100, kila mmoja anamchelewesha mwenzake, na sekunde tano zinakuwa kumi.

Kwa hiyo akaweka kikomo: kila seva isipokee zaidi ya wageni kadhaa kwa mpigo, wengine wote wasubiri nje kwa bawabu. Kumweka mgeni akisubiri mlangoni kunamgharimu bawabu kumbukumbu kidogo sana. Kumweka akisubiri ndani kunaigharimu seva ya programu mara nyingi zaidi. Kurasa zikawa zinachukua sekunde mbili, tatu, lakini zikawa zinafunguka. Kazi hiyo tuliifanya kwa mashine zilezile. Seva ya nyongeza tuliizima wiki iliyofuata.

Nimesimulia kwa urefu kwa sababu nimekaa kwenye vikao vingi vya bajeti, na najua kinachotokea huko baada ya tovuti kulala. Mtu anapendekeza kununua sanduku. Masanduku ya kusawazisha mzigo yapo, ni mazuri, yana taa za kijani, na bei yake inaeleweka. Zabuni inajua kununua sanduku. Fungu la vifaa lina safu yake, risiti na namba ya kubandika ubavuni. Kijana aliyesoma mwongozo jioni hana safu. Huwezi kumbandika namba. Akipata kazi kwenye kampuni ya simu anaondoka na ile mistari mitatu kichwani, na mwaka unaofuata tunakutana tena kikaoni.

Historia ya masanduku hayo na ya nginx zimekutana kwa namna ambayo mwandishi wa riwaya angeogopa kuibuni. Kampuni ya F5 ya Seattle, iliyoanzishwa mwaka 1996 na kujipa jina la daraja la juu kabisa la vimbunga vya Marekani, ilijijenga kwa kuuza masanduku ya aina hiyo. Machi 2019 ilitangaza kuinunua kampuni iliyoundwa kuizunguka nginx kwa dola milioni 670. Muuza milango ya chuma akamnunua bawabu wa bure. Desemba ya mwaka huohuo polisi waliingia ofisi za nginx mjini Moscow, kwa sababu Rambler ilidai kwamba Sysoev aliuandika msimbo ule akiwa mwajiriwa wake, kwa hiyo ni mali yake. Baadaye Rambler yenyewe ikaomba kesi ya jinai iachwe. Januari 2022 Sysoev akaondoka kwenye kampuni. Februari 2024 Maxim Dounin, mmoja wa waandishi wakuu wa nginx, aligombana na uongozi wa F5 kuhusu namna ya kutangaza kasoro za usalama, akachipua tawi lake mwenyewe na kuliita freenginx.

Siku polisi walipopekua ofisi zile hakuna bawabu hata mmoja aliyezimika, wala Dar es Salaam wala kwingineko. Leseni ya nginx ni fupi, inaingia kwenye ukurasa mmoja, na inampa kila aliyeuchukua msimbo haki ya kuendelea nao hata kama walioutunga wamenunuliwa, wameshtakiwa au wamenuniana. Hapo ndipo naona thamani ya programu huria, zaidi ya bei. Sanduku lenye taa za kijani halina haki hiyo. Leseni yake ikiisha muda na muuzaji akabadili masharti, umebaki na chuma.

Lakini haki ya kuondoka na msimbo haimleti mtu wa kuutunza. Kuna mfumo uitwao Kubernetes ambao makampuni hutumia kupanga na kusimamia programu zao juu ya makundi ya seva. Kwa miaka mingi bawabu aliyependwa humo alikuwa ingress-nginx, mradi wa kujitolea uliojengwa juu ya nginx, tofauti na bidhaa ya F5 yenye jina linalokaribiana. Machi 2025 watafiti wa kampuni ya Wiz walitangaza kasoro ndani yake, kubwa kuliko zote ikipewa alama 9.8 kati ya 10 kwa ubaya: mtu aliyeweza kuufikia mlango wa ndani wa bawabu aliweza kuteka kundi zima la seva. Kasoro zilizibwa. Kisha Novemba 2025 wasimamizi wa Kubernetes wakatoa tangazo kwamba mradi unastaafishwa: utatunzwa kwa kadiri ya uwezo hadi Machi 2026, baada ya hapo hakuna toleo jipya, hakuna kiraka hata pakigundulika tundu la usalama. Sababu waliitaja waziwazi. Kwa miaka, kazi yote ilikuwa ikifanywa na mtu mmoja au wawili, kwa muda wao wenyewe, baada ya saa za kazi na mwisho wa wiki. Waliomba msaada hadharani. Msaada haukuja.

Nilipolisoma tangazo lile nilimkumbuka yule kijana na mwongozo wake. Mtu mmoja au wawili, jioni baada ya kazi, wakilinda malango ya mabenki na maduka ya dunia nzima. Wenye maduka walikuwa wanajua kuchukua tu.

Mambo yangeweza kwenda vingine, na ushahidi ninao kutoka kwenye tasnia ya magazeti. Gazeti la Verdens Gang la Norway lilikuwa na tovuti iliyokuwa inaelemewa na wasomaji. Badala ya kulia na wauzaji, likagharimia kazi ya Poul-Henning Kamp, mtaalamu Mdenishi, aandike bawabu mpya anayekumbuka kurasa zilizokwisha kuombwa ili asibishe ndani kila mara. Programu hiyo, Varnish, ilitolewa mwaka 2006 ikiwa huria kwa kila mtu. Mashine 12 zilizokuwa zinahema mlangoni mwa gazeti zikabadilishwa kwa mashine 3. Baadaye Kamp akabuni kitu alichokiita leseni ya kimaadili: haikulazimishi, hainyimi mtu programu, bali inazikaribisha kampuni zinazonufaika kumlipia saa zake za kuendeleza msimbo. Wapo waliolipa. Gazeti moja la nchi ndogo, likiwa na shida yake lenyewe, liliilisha dunia nzima bila kupoteza kitu.

Najua jibu nitakalopewa, maana nimeshapewa. Sisi ni maskini, bwana. Tuwalipe Wazungu wa Paris na California ambao wana kazi nzuri kuliko zetu? Ni hoja ya haki na siifanyii mzaha. Dola ni tatizo, na maombi ya malipo ya nje hupita kwenye meza nyingi hadi karatasi inachakaa. Ila malipo ninayoyadai kwanza ni ya kwetu wenyewe. Mpe Afisa Tehama wako Ijumaa mbili kwa mwezi, ziandikwe kwenye mkataba wake, za kusoma mwongozo wa kile anachokisimamia, kukijaribu, na akikuta kasoro aiandike vizuri na kuituma kwa wenye mradi. Ni mshahara uleule unaomlipa sasa kukaa kwenye vikao.

Na tusijidharau kwamba hatuna cha kutuma. Mabawabu hawa mengi waliyofundishwa yametoka kwenye mitandao iliyotulia. Mgeni wetu anakuja kwa simu ya bei nafuu, kutoka ndani ya basi linalopita Kitonga, mnara unampoteza na kumpata tena mara tano kabla ukurasa haujaisha. Ni muda gani bawabu amvumilie mgeni wa namna hiyo kabla ya kumfungia mlango? Vipimo vya kuvumilia ambavyo mtu wa Ulaya hajawahi kuvigusa, sisi tunavigusa kila wiki kwa kubahatisha, na tunachojifunza kinaishia kwenye kundi la WhatsApp la mafundi watano. Huo ni mchango ambao umekaa bila kuchangwa. Mwingine ni lugha. Kwa Kiswahili sijawahi kuona mwongozo wa bawabu yeyote kati ya hawa ambao ningempa mwanafunzi wa VETA asome mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na siamini kwamba kazi hiyo inahitaji mfadhili.

Kwa ofisi zenye fedha, hasa zile zinazopokea malipo ya watu kupitia milango hii usiku na mchana, hoja ya umaskini haiko. Waliotunga HAProxy wana kampuni inayouza huduma ya kukushika mkono. Kadhalika wenye Traefik, kadhalika F5 kwa nginx. Kulipia huduma hiyo hata mwaka mmoja ni kulipa saa za watu wanaouandika msimbo unaoutumia bure. Kama sheria ya manunuzi inadai kitu cha kubandikiwa namba, wabandike mkataba.

Kuna kampuni zilizochoka kungoja na zikajijengea. Cloudflare, iliyokuwa ikitumia nginx kwa miaka, ilitangaza mwaka 2022 kwamba imeandika mbadala wake, Pingora, kwa lugha ya Rust, na mwaka 2024 ikaufungua msimbo kwa wote. Sisi wengine hatuna jeshi la wahandisi wa kufanya hivyo. Tutaendelea kuishi na mabawabu wa kuazima kwa muda mrefu.

Haya yote sikumweleza mpwa wangu. Nilimwambia tu kwamba nginx ni mlinzi wa mlango, hana kosa, kosa liko ndani, na kwamba kila anapovuta kioo anaongeza mtu mwingine kwenye foleni. Aache simu dakika kumi, anywe chai. Akaniangalia kama ninavyowaangalia wale wa dirisha la mwisho kulia. Aliendelea kuvuta.

Saa nne na dakika arobaini ukurasa ulifunguka. Palikuwa na nembo, jina la shule, safu za namba za mtihani, na neno nginx halikuwepo popote. Alipiga ukelele hata mbwa wa jirani wakabweka: daraja la pili. Nikamuuliza kama bado anataka kujua huyo nginx alianzia wapi, kwamba kuna kisa cha Moscow na polisi ndani yake. Alikuwa ameshafika getini, simu sikioni, akimpigia mama yake.